Kura ya uzito, mlolongo au kura ya siri? Kenya imezijaribu zote tatu. Kikundi chenu kichague ipi

Katiba za vikundi vingi zina sentensi moja tu kuhusu uchaguzi: viongozi watachaguliwa kwa kura. Nukta. Kura ya namna gani, haisemi. Basi siku ya mkutano mkuu ikifika, nusu saa ya kwanza huishia hapo. Mmoja anataka watu wanyooshe mikono ili shughuli iishe. Mwingine anadai karatasi. Na yule aliyechanga kuliko wote anakohoa kidogo, kisha anauliza kama ni haki kura yake ilingane na ya mtu aliyejiunga mwezi jana.

Mabishano hayo yana umri mkubwa kuliko sisi. Kenya imeyapitia yote matatu kama taifa, kwa sheria zilizoandikwa. Mwaka 1957 Mwafrika alipiga kura ya uzito, yaani wengine walikuwa na kura zaidi ya moja. Mwaka 1988 akapangwa mlolongo, mstarini nyuma ya mgombea, ambao ni ndugu wa kunyoosha mikono: kila mtu anakuona. Na katiba ya 2010, katika kifungu cha 81, ikasema uchaguzi uwe wa kura ya siri. Mtu anayeandika katiba ya kikundi cha watu thelathini ana maabara ya miaka mia moja mbele yake, bure, na ndiyo nitakayoitumia hapa.

Maswali manne ya kupimia

Nitaziuliza njia zote tatu maswali yale yale. Kwanza, nani anaingia katika hesabu? Pili, mpiga kura anamwogopa nani? Tatu, watu wakibishana kesho, kuna kitu cha kuhesabu upya? Nne, inakula muda na pesa kiasi gani?

Swali la pili ndilo ninaloliona zito zaidi, na ndilo vikundi hulipita haraka. Tunadhani woga ni wa uchaguzi wa nchi. Kumbe kikundini, ambako mgombea ni mwenye nyumba unayopanga au shemeji yako, woga unaweza kuwa mkubwa kuliko wa siku ya uchaguzi wa rais, maana rais hajui unakoishi.

Kura ya uzito: aliyebeba zaidi ahesabiwe zaidi

*Nani anaingia.* Kwa Mwafrika hii ndiyo kura ya kwanza, na ilitanguliwa na kufungiwa nje. Walowezi wa Kizungu walianza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Baada ya Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, Wahindi wakatengewa viti vitano na Waarabu kimoja. Mwafrika hakuwa na kura. Mwaka 1944 Eliud Mathu aliingia barazani kwa kuteuliwa na gavana.

Machi 1957 ndipo Waafrika wakachagua, viti vinane nchi nzima. Masharti yalipendekezwa na Walter Coutts, afisa wa serikali ya kikoloni, na yalikuwa kama mizani ya dukani: elimu ina pointi yake, kipato cha pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500 ina pointi yake, utumishi wa miaka mingi una yake. Mtu aliweza kukusanya hadi kura tatu. Mwalimu mwenye shamba na mshahara alikuwa watu watatu ndani ya koti moja, na jirani yake aliyelima maisha yake yote bila kwenda shule huenda hakuwa hata mmoja. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliongezewa sharti jingine: cheti cha uaminifu kwa serikali, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Katika Mkoa wa Kati, Mathu, aliyekuwa mwakilishi wa kwanza Mwafrika, alishindwa na Bernard Mate kutoka Meru.

Kwa haki, njia hii ina hoja yake. Ukiwa umeweka laki tano katika kununua shamba la pamoja na mwenzako ameweka elfu ishirini, uamuzi wa kuuza shamba hilo haukugongi sawa na unavyomgonga yeye. Makampuni huendeshwa hivyo, kura kwa hisa, na hakuna anayelalamika kwamba ni ukoloni. Kosa la 1957 lilikuwa kupima kwa mizani kitu kisichonunuliwa. Shamba la pamoja limenunuliwa. Nchi hukuinunua, umezaliwa ndani yake.

*Woga.* Karatasi inaweza kuwa ya siri, lakini hesabu ikamsaliti mpiga kura. Chukua kikundi cha watu kumi ambapo mmoja tu ana kura tano na wengine wana moja moja. Jumla ni kura 14. Matokeo yakiwa 11 kwa 3, kila mtu anajua zile tano zimekwenda wapi, maana upande wa 3 hazitoshi. Kadiri kikundi kinavyokuwa kidogo na tofauti za hisa kuwa kubwa, ndivyo siri inavyobaki jina tu.

*Kuhesabu upya.* Inawezekana, ila ugomvi huhamia kwenye daftari la michango. Badala ya "kura zimeibwa" utasikia "ule mchango wangu wa Agosti haukuandikwa." Kama mweka hazina ndiye anayetunza daftari na ndiye anayegombea tena, mmeshaona tatizo.

*Gharama.* Si kubwa, ila daftari lifungwe wiki mbili kabla na kila mtu aonyeshwe idadi ya kura zake.

Inawafaa waliochanga mtaji usiolingana na wanaamua juu ya mtaji huo. Haiwafai sacco wala ushirika: sheria ya vyama vya ushirika inampa kila mwanachama kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi.

Kabla sijaiacha, kuna jambo la 1957 linalonifurahisha. Wale wapiga kura waliochujwa kwa elimu na mshahara waliwaleta barazani akina Tom Mboya, kijana wa miaka 26, na Oginga Odinga. Wote wanane walipoingia walikataa vyeo vya uwaziri na kudai viti zaidi, na mwaka uliofuata Waafrika wakaongezewa viti sita. Mizani ilichagua watu walioivunja.

Mlolongo: simama nyuma ya mtu wako

*Nani anaingia.* Yeyote aliyefika. Hakuna kusoma, hakuna kuandika, mzee asiyejua herufi anasimama sawa na profesa. Hilo ni jambo kubwa na halipaswi kubezwa. Lakini aliyelazwa hospitali, aliye zamu ya usiku, au aliye Qatar kikazi hayupo mstarini, basi hayupo kabisa. Na mwaka 1988 mlango ulibanwa zaidi: mlolongo ulikuwa wa uteuzi ndani ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, kwa hiyo bila kadi ya chama huna mstari.

*Woga.* Hapa nina ushuhuda wa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa uchaguzi katika kikundi cha maji, daftari mkononi, jua la saa saba utosini. Wagombea wawili wa uenyekiti walisimama umbali wa hatua kama kumi na tano, na watu wakaanza kujipanga. Fundi baiskeli mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa pili, mtu wa tatu kutoka mbele. Mgombea wa kwanza alikuwa ndiye mwenye kibanda anachopanga fundi yule. Hakusema neno. Aligeuza shingo tu, akamtazama, kisha akatazama mbele tena. Fundi alisimama kidogo, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akainuka na kuvuka zile hatua kumi na tano mbele ya watu wote. Alikuwa amevaa malapa.

Niliandika idadi niliyoiona. Ilikuwa sahihi kabisa. Nimekuwa nikiyafikiria malapa yale tangu siku ile.

Watetezi wa mlolongo miaka ya themanini walisema ni njia ya uwazi, mtu asimame na anachoamini. Viongozi wa makanisa chini ya NCCK, baraza la kitaifa la makanisa, na mawakili wakaipinga tangu 1986, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: padri akisimama nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili atawahubiria vipi waliosimama nyuma ya mwingine?

*Kuhesabu upya.* Haiwezekani. Msimamizi akishatangaza, mstari unatawanyika, na ushahidi unakwenda nyumbani kupika chakula cha jioni. Mwaka 1988 malalamiko yalijaa nchi nzima kwamba mstari mfupi ulitangazwa mshindi na mrefu ukaambiwa umeshindwa. Mbaya zaidi, aliyepata asilimia 70 mlolongoni alihesabiwa amepita bila kupingwa, hakuna tena kura ya karatasi. Desemba mwaka huo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama, akiwa waziri aliye kazini. Kamati ya KANU iliyoongozwa na George Saitoti, makamu wa rais, ilipozunguka nchi mwaka 1990 kusikiliza wananchi, mlolongo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoshambuliwa, na Desemba 1990 KANU ikauzika.

Unaweza kuupunguzia ubovu huo kikundini: piga picha ya mistari kabla haijatawanyika, au kila mtu ataje namba yake kwa sauti na kutia sahihi. Lakini ukishafika kwenye sahihi, umeongeza woga ili kupata ushahidi. Hiyo ndiyo biashara ya mlolongo, huwezi kupata vyote.

*Gharama.* Sifuri. Dakika kumi na tano mmemaliza. Hakuna njia nyingine inayoufikia hapa.

Unawafaa watu wanaoamua jambo badala ya mtu: tuchimbe kisima au tununue tangi, mkutano uwe Jumamosi au Jumapili. Pia unafaa pale ambapo uwazi ndio unaotakiwa, kwa mfano wajumbe waliotumwa na matawi kupiga kura kwa niaba ya wengine. Mjumbe anapaswa kuonekana, la sivyo waliomtuma watajuaje?

Tena, angalieni simu zenu. Kura ya kundi la WhatsApp ni mlolongo uliovaa suti. Kwa kawaida, ukigusa kuona matokeo, majina yote yanatokea, nani kachagua nini. Nimeona makatibu wakiitisha "kura ya siri" humo bila kujua hilo.

Kura ya siri: wewe, karatasi na kalamu

*Nani anaingia.* Kura hii inasimama juu ya sajili, na historia yetu ya kura moja kwa kila mtu ni historia ya sajili kupanuka. Uchaguzi wa 1961 uliondoa kura tatu tatu lakini ukabakiza masharti mepesi, kama kujua kusoma na kuandika lugha yako au kuwa na zaidi ya miaka arobaini. Mei 1963 kila mtu mzima akapiga. Mwaka 1974 umri ukashuka kutoka 21 hadi 18. Wafungwa walipiga katika kura ya maamuzi ya 2010, na 2013 baadhi ya Wakenya walioko nchi jirani wakafuata.

Sajili ikiwa mbovu, siri haisaidii kitu. Tume ya Kriegler iliyochunguza uchaguzi wa 2007 ilikadiria kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya marehemu yapata milioni 1.2. Kikundini tatizo ni lile lile kwa kipimo kidogo: mwanachama aliyeacha kuchanga miaka miwili iliyopita, ni mpiga kura au si mpiga kura? Mkiamua siku ya uchaguzi, mtaamua kwa kuangalia atamchagua nani.

*Woga.* Ndiyo nguvu yake, lakini siri hujengwa, haiji yenyewe kwa sababu mmetumia karatasi. Kikundi kimoja nilichokuwamo kiligawa vijikaratasi na kuambia watu waandike jina la wanayemtaka, kisha watumbukize kwenye ndoo tupu ya rangi iliyotobolewa kifuniko. Wakati wa kuhesabu, mwenyekiti anayemaliza muda wake alikuwa akifunua karatasi na kutabasamu: "Hii ni ya Mama Fulani, naijua R yake." Kweli alizijua. Alikuwa amesoma barua za kuomba mkopo za watu wote mle ndani. Tangu hapo mimi husema karatasi zichapwe majina tayari, mtu aweke alama tu, kwa kalamu za rangi moja, na meza ya kupigia iwe nyuma ya pazia au hata nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu.

Kwa asiyesoma, tumieni alama, kama vyama vilivyotumia jogoo, simba na taa mwaka 1992. Akihitaji msaidizi, amchague mwenyewe.

*Kuhesabu upya.* Hapa ndipo kura ya siri inapouzidi mlolongo, lakini kwa sharti moja ambalo Kenya imelilipia ada kubwa: kupiga kuwe siri, kuhesabu kuwe hadharani. Mwaka 2002 kura zilihesabiwa pale pale vituoni, mawakala wa vyama wakiangalia, na matokeo yakakubalika. Mwaka 2007 shida ilizuka zaidi kule kwenye kujumlisha, mbali na macho ya vituo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, na Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ikaweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 hadharani mtandaoni. Watu walikaa sebuleni na kalamu, wakijumlisha wenyewe.

Fomu 34A ni karatasi ya kawaida tu: waliopiga wangapi, kila mgombea kapata ngapi, zilizoharibika ngapi, sahihi za mawakala. Hakuna kinachozuia kikundi cha watu ishirini na watano kuwa na yake.

*Gharama.* Kuchapa, kalamu, sanduku, watu wawili wasiogombea wa kusimamia, na saa nzima au zaidi. Kwa kikundi cha watu wanane hii ni kero, na watu wakikereka wanaanza kupigiana kura ili mambo yaende.

Inawafaa wanaochagua watu, hasa wale watakaoshika pesa, na popote ambapo mmoja anamdai mwingine, anampangisha, anamwajiri au amemuoa.

Kuchanganya

Hamlazimiki kushika moja. Vikundi vingi vinavyokwenda vizuri huchagua viongozi kwa siri, hupitisha mambo madogo kwa mikono, na huacha uzito kwa jambo moja tu, kuuza au kugawa mali. Kinachotakiwa ni kuandika mapema ipi ni ya lini. Kubadilisha njia wakati wagombea wameshajulikana ni kupiga kura mara mbili, na ya kwanza ndiyo inayoamua.

Kulingana na hali yenu

Kama mko chini ya kumi, hakuna anayemtegemea mwenzake kwa riziki, na mnazungushiana tu michango: mikono inatosha. Andikeni idadi kwenye kumbukumbu za kikao.

Kama mnanunua ardhi au hisa kwa michango isiyolingana: uzito kwa maamuzi ya mali, lakini wekeni kikomo, kwa mfano mtu mmoja asizidi theluthi ya kura zote. Kuchagua mwenyekiti, kura moja kwa mtu.

Kama mna wanachama walio ng'ambo: mlolongo utawatupa nje. Kura ya siri kwa kutumia fomu ya mtandaoni isiyoonyesha majina inawezekana, ila anayeisimamia asiwe mgombea wala ndugu yake.

Kama mmoja wa wagombea ni mwenye nyumba, mwajiri au mkopeshaji wa wengine: siri, hata kama mko kumi na wawili na hata kama yeye mwenyewe atasema haina haja. Hasa akisema haina haja.

Kama wengi hawasomi: msikimbilie mlolongo kwa sababu hiyo. Alama au picha kwenye karatasi zinafanya kazi, na punje pia zinafanya kazi: kila mtu apewe mbegu moja ya hindi aitumbukize kwenye chungu cha mgombea wake, vyungu vikiwa ndani ya chumba na watu wakiingia mmoja mmoja. Mbegu zihesabiwe wakati wa kugawa na wakati wa kumimina.

Kama mlishagombana uchaguzi uliopita: karatasi, zihesabiwe mbele ya wote, kila moja iinuliwe ionekane, matokeo yatiwe sahihi na wagombea papo hapo. Kisha karatasi ziingie kwenye bahasha, bahasha ipigwe gundi na sahihi juu ya gundi, na itunzwe na mtu ambaye hakugombea hadi mkutano unaofuata.